Kitabu kisicho na tukio: barua ya wazi kwa wakuu wa kampasi ya Lindi

Ndugu Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na ninyi nyote mtakaokaa kikao cha kumtafuta mkuu wa ulinzi wa kampasi ya Lindi,

Nawasalimu kutoka Mikindani. Kusi linavuma, watu wako mashambani wanapulizia mikorosho salfa, nami nimekaa barazani na goti langu la kushoto, urithi nilioachiwa na malindo ya usiku. Barua hii nimeiandika kwa mkono. Aliyeichapa ni mjukuu wangu, ambaye amenifutia "kwa heshima na taadhima" mara nne.

Nimevaa sare miaka 32. Miaka 24 ya mwanzo ilikuwa ya Jeshi la Polisi: nilipita chuo cha polisi Moshi nikiwa binti mwembamba, nikastaafu nikiwa sajenti. Kiinua mgongo nikakipeleka kwenye nyumba, kikaisha kabla ya mabati. Ndipo nikaomba kazi chuo kimoja cha huku kusini, wakanifanya mkuu wa zamu ya usiku, nikakaa miaka minane. Chuo chenyewe sikitaji, na mnaokijua naomba mnyamaze nami. Wanafunzi waliniita Mama Afande.

Najua kampasi yenu imetokana na mradi wa HEET, ule mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 uliogawanywa kwa vyuo nchi nzima. Najua pia kwamba kwenye michoro ya majengo huwamo maabara, mabweni na maegesho ya magari ya wakubwa, halafu ulinzi unakuwa kale kachumba kando ya geti. Mkuu wa ulinzi hutafutwa mwishoni kabisa, wanafunzi wakiwa tayari wamekata tiketi za basi. Tena hutafutwa kwa simu: "Yule mzee aliyestaafu bado yupo? Mwambieni aje, anajua nidhamu."

Kabla hamjapiga simu hiyo, nisikilizeni kisa kimoja.

Ilikuwa wiki ambayo bumu, yaani fedha za mkopo wa wanafunzi, limeingia. Mwanafunzi wa mwaka wa pili alitoka maktaba kuelekea bwenini, akapita njia ya mkato kwenye mikorosho. Vijana wawili wakamkaba, wakachukua simu na mkoba, blauzi ikachanika begani. Hakupiga kelele wala hakukimbilia bwenini. Alifanya lile tulilokuwa tukiwafundisha kila mwaka siku ya kuwapokea: alikimbilia getini. Na kwa bahati, au kwa mkosi, mkuu wa ulinzi mwenyewe alikuwa pale, amekuja kukagua malindo. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Saa tano hii ulikuwa unatoka wapi?" La pili, "Na nani?"

Binti akasema, "Samahani, mkuu." Akageuka, akaondoka. Nilipofika kutoka upande wa mabweni niliuona mgongo wake tu, mkono mmoja umeshika bega la blauzi. Asubuhi nikafungua kitabu cha matukio kukabidhi zamu. Kimeandikwa: "Usiku umepita salama." Nikamwuliza mkuu. Akanijibu kwa upole kabisa, kwani hakuwa mtu mbaya: "Hakuandikisha, Sajenti. Kwa hiyo hakuna tukio."

Tangu siku ile mpaka chuo kinafungwa, hakuna binti hata mmoja aliyekuja getini kushitaki jambo lolote. Habari husafiri mabwenini haraka kuliko moto wa nyasi. Kila mwisho wa mwezi taarifa ya ulinzi ilikwenda juu ikiwa na maneno mawili: hakuna tukio. Mwisho wa mwaka mkuu wetu akasifiwa mbele ya kikao, akapewa cheti kilichotiwa kwenye fremu. Nami nilipiga makofi. Msinicheke, nilikuwa na mkataba wa mwaka mmoja mmoja.

Lakini nilikuwa na daftari langu, lile kubwa la kurasa ngumu, nililoliweka kwenye mkoba wa chakula. Humo niliandika waliyoniambia mabinti nikiwasindikiza, aliyoniambia mama muuza maandazi, na waliyoniambia walinzi wangu wenyewe ambao hawakuthubutu kuyaandika kwenye kitabu cha ofisi. Mwaka ule ule wa cheti, daftari lilikuwa na matukio kumi na manne. Mawili kati ya hayo siwezi kuyaandika hapa.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni moja, na mengine yote nitakayosema yanalizunguka hilo. Mtafuteni mkuu wa ulinzi ambaye watu watamwambia mambo. Kisha mkubali kwamba mwaka wake wa kwanza kitabu kitajaa, na msimwadhibu kwa hilo.

Mtoto wa kaka yangu alisoma Marekani. Huko vyuo vikubwa vina idara za polisi kamili, wenye bastola, magari na mamlaka ya kisheria. Chuo kikuu cha Yale ndicho kilichotangulia, mwaka 1894, kwa askari wawili waliotolewa mji wa New Haven wakapewa kazi ya chuo. Alipokuwa akinisimulia hayo nilikuwa nasikiliza kwa sikio moja. Kilichonifanya niweke kikombe chini ni habari ya sheria yao ya mwaka 1990. Mwaka 1986 binti wa miaka 19, Jeanne Clery, alibakwa na kuuawa chumbani kwake bwenini, katika chuo kikuu cha Lehigh, jimbo la Pennsylvania, na aliyemuua alikuwa mwanafunzi mwenzake. Wazazi wake wakapigania sheria mpaka ikapita. Leo kila chuo kinachopokea fedha za serikali kuu ya kule lazima, ifikapo tarehe 1 Oktoba kila mwaka, kitoe hadharani hesabu ya uhalifu wa miaka mitatu. Chuo chenye polisi wake lazima pia kiwe na daftari la kila siku ambalo mtu yeyote anaweza kuja kulisoma. Na likitokea jambo la kutisha ambalo linaweza kujirudia, jamii ya chuo inaonywa upesi.

Hebu fikirini daftari la ulinzi ambalo mama muuza maandazi anaweza kuomba kulisoma!

Ila sheria haikumaliza ugonjwa. Watetezi wa wanawake walipozipitia hesabu za mwaka 2015 walikuta karibu vyuo tisa katika kila kumi vimeandika sifuri kwenye ubakaji. Hawakutoa vyeti. Waliuliza: kwenu wanawake huwa hawaongei? Swali hilo ndilo lililokosekana kwenye kikao chetu siku ya makofi.

Siwaambii mnunue bastola. Kwa mazingira yetu sheria ipo: Sura ya 322, ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, ndiyo inayoziwezesha taasisi kuwa na polisi wasaidizi. Mlimani, kampasi yenu kuu, mnao, siwafundishi hilo. Ninachowakumbusha ni kwamba mkuu wao ana mabwana wawili. Makamu Mkuu anataka jina la chuo lisichafuke. Mkuu wa Polisi wa Wilaya anataka jalada lifunguliwe. Siku binti atakapobakwa, mabwana hao wawili watavuta kamba kila mmoja upande wake, na katikati atakuwepo huyo mtu mliyempigia simu ile.

Basi amueni sasa, kwa maandishi, kabla ya siku hiyo. Simu iliyoibwa chumbani na mwenzake inaweza kwenda kwa Mshauri wa Wanafunzi na kamati ya nidhamu. Ubakaji hauendi kwenye kamati. Unakwenda polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, na hospitalini, na anayempeleka binti ni askari wa kike, kwa gari la chuo na si kwa bodaboda. Kila mlinzi, hata yule wa lindo la mwisho kabisa huko kwenye vitalu vya miche, ajue PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, ni nini na inapatikana wapi. Ajue pia kumwambia binti kwa upole asioge kwanza wala asifue nguo zile mpaka daktari amwone. Nimeona kesi ikifa kwa ndoo moja ya maji. Aliyemchotea maji hayo alikuwa mlinzi wangu, mtu mwenye huruma, ambaye hakuna aliyewahi kumfundisha.

Nimesema askari wa kike. Kwenye zamu yangu tulikuwa wawili kati ya watu kumi na tisa. Sina la kuongeza hapo, hesabu mnaijua.

Sasa majirani. Hapa nitakaa kidogo, maana ninyi mnakuja Lindi na kampasi ya kilimo, na kilimo maana yake ardhi kubwa, na ardhi kubwa maana yake kuna mtu aliyekuwa akipita hapo kabla yenu.

Chuo chetu kilikuwa na mikorosho ya zamani ndani ya uzio. Msimu ukifika, mabibo yanadondoka, na watoto wa mtaa wa pili walizoea kupenya kuyaokota. Korosho zenyewe walikuwa hawagusi. Kila mtoto wa kusini anajua korosho ya mtu ni ya mtu. Mabibo ni ya aliyeinama. Mlinzi mmoja mgeni, kijana wa bara asiyejua mila hiyo, akamshika mtoto wa miaka tisa, akamchapa fimbo, akampeleka ofisini kama mwizi. Mkuu akaandika tukio. Ndiyo, hilo liliandikwa! Mwenyekiti wa mtaa akaja kuongea, akawekwa kwenye benchi saa mbili, akaondoka bila kuonwa.

Miezi mitatu baadaye wezi waliingia usiku wakabeba kompyuta za chumba kizima. Walitoboa ukuta, wakapakia kwenye pikipiki ya miguu mitatu, wakapita katikati ya mtaa ule ule. Bajaji ya mizigo inapiga kelele kama mashine ya kusaga. Tulipokwenda kuuliza asubuhi, hakuna aliyesikia. Wazee wamelala, vijana wamelala, mbwa nao wamelala. Mama mmoja tu, ambaye nilikuwa nikinunua samaki kwake, alinivuta kando akaniambia: "Mama Afande, tulisikia. Ila siku ile mlituambia humo ndani hayatuhusu."

Huyo mkuu mtakayemwajiri, wiki yake ya kwanza asikae ofisini. Azunguke mitaa yote inayopakana na kampasi, anywe chai, ajitambulishe kwa wenyeviti na kwa masheikh na mapadri, aulize njia za miguu zilikuwa zinapita wapi kabla ya uzio na kisima kiko wapi. Akikuta uzio umekata njia ya kwenda kisimani, arudi kwenu awaambie, nanyi muweke mlango mdogo. Mlango wenye mlinzi anayewajua watu kwa majina ni bora kuliko uzio uliotobolewa usiku. Na watu wa huku mjue wana kumbukumbu na sare. Mei 2013, siku za vurugu za kupinga bomba la gesi Mtwara, zimepita muda, lakini mzazi aliyekimbilia porini na watoto wake hajasahau, na mtoto huyo leo ana umri wa kuwa mwanafunzi wenu.

Kuhusu migomo nitasema kidogo. Kuna siku fedha za mkopo zitachelewa, wanafunzi watakaa chini mbele ya jengo la utawala, na mtu mmoja atashika simu kuwaita FFU, polisi wa kutuliza ghasia. Ni nani huyo? Asiwe mkuu wa ulinzi peke yake, wala asiwe kaimu wa kaimu aliyebaki ofisini Ijumaa jioni. Mlimani yenu inajua historia ya Machi 1978, wanafunzi walipoandamana kupinga nyongeza ya marupurupu ya viongozi. Kule Marekani, tarehe 4 Mei 1970, wanajeshi walioletwa chuo kikuu cha Kent State walifyatua risasi kwa sekunde 13. Wanafunzi wanne walikufa, tisa wakajeruhiwa. Miaka iliyofuata vyuo vingi kule viliimarisha polisi wao wenyewe, kwa hoja kwamba aende kwa wanafunzi mtu anayewajua. Hoja hiyo naikubali kwa sharti moja: awe kweli anawajua. Mimi niliwahi kumaliza mgomo wa saa sita usiku kwa kumwita kiongozi wao kwa jina la utani na kumwuliza kama amekula. Hakuwa amekula. Tukatafuta chipsi.

Na lipo lile ambalo hakuna anayependa kulitaja. Tarehe 2 Aprili 2015, Garissa, Kenya, wauaji walianza na walinzi wa geti alfajiri, na hadi jioni watu 148 walikuwa wamekufa, wengi wao wanafunzi. Oktoba 2020 washambuliaji walivuka Ruvuma wakaingia kijiji cha Kitaya, hapa hapa mkoani Mtwara. Sisemi yatawafika. Nasema mlinzi mwenye rungu na filimbi hawezi kuyazuia, kwa hiyo mkuu wake awe amepanga mengine: geti la nyuma linafunguka kwa ufunguo wa nani, king'ora kinasikikaje tofauti na kengele ya chakula, polisi wa Lindi wanafika kwa dakika ngapi usiku wa mvua. Apime kwa saa, asikadirie. Na mazoezi yafanyike kwa kutangazwa. Mwaka ule ule wa Garissa, mwezi Novemba, chuo kimoja cha Nairobi kilifanya zoezi la shambulio huku watu wakidhani ni la kweli. Wakaruka kutoka ghorofani, mfanyakazi mmoja akafariki. Zoezi lilikuwa la kuwalinda.

Lakini jamani, kati ya usiku mia moja, hayo ni ndoto. Usiku halisi ni nyoka aliyeingia bafuni bweni la wasichana. Ni kijana mwenye pumu aliyeishiwa dawa. Ni mwanafunzi mwenye mimba aliyoificha kwa magauni mapana, uchungu ukamshika saa nane. Ni yule aliyefeli mitihani, amekaa peke yake nyuma ya tangi la maji, na mlinzi anatakiwa kujua kwamba huyo haambiwi "nenda kalale", anakaliwa naye chini. Mlinzi niliyemwona akifanya kazi hiyo vizuri kuliko wote alikuwa Mmakonde mmoja mwenye elimu ya darasa la saba na utani mwingi. Yeye aliwahi kukaa hapo mpaka adhana ya alfajiri. Kwenye kitabu cha matukio usiku ule umepita salama, na safari hii nilikubali.

Mtu kama yule analipwa nini? Anaingia saa kumi na mbili jioni, anatoka saa kumi na mbili asubuhi. Betri za tochi tulikuwa tunanunua wenyewe. Koti la mvua lilikuwa moja kwa lindo, la kupokezana, limelowa jasho la mwenzako. Halafu mkuu anafika na gari saa tisa usiku kuwashitukiza waliolala, anawakata mshahara. Mkuu mzuri wa ulinzi mtamjua kwenye kikao cha bajeti. Atagombania betri, makoti, na chai ya saa saba usiku mpaka mumchoke. Akija kikaoni na ombi la gari la kwake la kazi kabla ya betri, mshukuruni kwa kuja, mtafute mwingine.

Na kwenye usaili, msimwulize habari za nidhamu; wote watasema nidhamu. Mwekeni mezani kitabu cha matukio chenye miezi sita ya "hakuna tukio" na mwambieni aeleze anaona nini. Kikaoni wawepo wanafunzi wawili, mmoja awe binti, na mlinzi mmoja wa usiku. Wapeni haki ya kuuliza, si ya kukaa tu wakanywa soda. Asiwe lazima mstaafu wa jeshi au polisi, ingawa wenzangu watanisema kwa hilo. Sisi wastaafu tuna mazuri yetu, ila tumezoea kuripoti kwenda juu, na kazi hii theluthi mbili yake ni kusikiliza wa chini.

Daftari langu bado ninalo. Majina nimeyafuta kwa kalamu nyeusi, yaliyobaki naweza kumpa mkuu wenu mpya ayasome, kama atataka.

Mwaka huu nitakuja Nane Nane pale Ngongo, goti likiruhusu. Nikimaliza mabanda, jioni nitapita getini kwenu nikiwa nimevaa kanga kama mama yeyote, niseme nimekabwa njiani na simu imechukuliwa. Nitasikiliza swali la kwanza nitakaloulizwa.

Wenu,
Sajenti mstaafu, zamani mkuu wa zamu ya usiku
Mikindani, Mtwara